Nyota 2 kati ya 5: ofisi ya mawakili iliyoujua ukomo wa miaka 6 ikashindwa na siku 14

Ofisi ya mawakili ninayoitathmini hapa sitaitaja jina, kwa kuwa malalamiko yangu dhidi yake yako mbele ya chombo cha nidhamu cha mawakili, na ni vyema chombo hicho kikafanya kazi yake bila kelele zangu. Kinachomhusu msomaji ni huduma yenyewe. Nilikwenda pale na kesi ya madai yenye mkataba uliosainiwa na pande zote mbili, hati za kupokea mzigo, na barua ambayo mdaiwa mwenyewe aliandika kwamba deni analitambua na anaomba muda. Nilitoka mikono mitupu, bila shahidi hata mmoja kupanda kizimbani, kwa sababu karatasi zetu ziliingia masjala ya mahakama siku 2 baada ya muda uliowekwa na jaji kupita.

Mimi ni fundi seremala na nina karakana yangu. Nilitengeneza milango 64 na fremu zake kwa ajili ya jengo moja. Mwenye jengo akalipa awamu mbili za kwanza, na ya tatu, ambayo ndiyo ilikuwa kubwa, akaanza kuikwepa. Kama wafanyavyo wengi, nilianza kwa kuzungumza naye, nikaendelea kwa barua, nikatuma wazee, na nilipokuja kushtuka ilikuwa imepita miaka 5 na ushei tangu siku aliyotakiwa kulipa. Ndipo nilipofika kwa mawakili hawa.

Niseme kwanza mazuri yao, kwa sababu yapo, na ndiyo yanayonifanya nisiwape nyota sifuri. Wakili mwandamizi aliyenipokea alisoma mkataba wote mbele yangu, akafika kwenye kifungu cha malipo, akaweka kidole kwenye tarehe na kuniuliza kama nilikuwa najua kwamba madai yana ukomo. Sikujua. Akanieleza kwamba dai la mkataba hufunguliwa ndani ya miaka 6 tangu mkataba ulipovunjwa, kwamba hivyo ndivyo ilivyo Tanzania, Kenya na Uingereza, na kwamba muda huo ukipita mahakama haitauliza nani ana haki bali itauliza tu shauri lilifunguliwa lini. Alihesabu kwa vidole miezi iliyobaki, ikawa 4. Hati ya madai ilikuwa tayari katika siku 9, imeandikwa kwa lugha safi, viambatanisho vyote vimepangwa kwa herufi, hesabu ya fedha haikuwa na kosa hata la senti. Mapokezi yao ni ya heshima, ofisi ni tulivu, na ada waliitaja kwa maandishi kabla ya kuanza kazi, jambo ambalo ofisi nyingi hulikwepa.

Kwa hiyo tarehe kubwa, ile iliyoandikwa katika kitabu cha sheria, waliijua na waliiheshimu. Waliyoikosa ni tarehe ndogo, ile ambayo jaji huitamka kwa mdomo saa 3 asubuhi huku watu wakiingia na kutoka ukumbini, na ambayo haimo katika kitabu chochote isipokuwa katika faili la mahakama na katika shajara ya wakili aliyekuwepo siku hiyo. Nimekuja kuelewa kwamba huko ndiko ofisi za mawakili zinakotofautiana, kwani kitabu cha sheria wanacho wote.

Mdaiwa alileta utetezi wake, tukapita hatua ya usuluhishi bila kuelewana, kisha shauri likapangwa kusikilizwa kwa utaratibu wa ushahidi wa maandishi, yaani kila upande uwasilishe kwanza maelezo ya mashahidi wake na mashahidi hao waje baadaye kuhojiwa juu ya waliyoyaandika. Mimi nilitoa maelezo yangu ofisini kwa saa 2, nikasaini kila ukurasa. Mashahidi wangu wengine wawili, fundi mwenzangu aliyefunga milango na dereva aliyeipeleka, nao walikuja wakatoa yao. Kwa maneno mengine, kazi ilikuwa imekwisha kufanyika na karatasi zilikuwa ndani ya kabati. Zilisubiri tu kupelekwa.

Jumanne tarehe 4 nilikuwepo mahakamani. Wakili wangu hakuja. Alikuwa na shauri jingine, akamtuma wakili kijana wa ofisi hiyohiyo kumshikia nafasi. Nilikaa benchi la nyuma, nikamsikia jaji akisema kwa sauti isiyo na ukali wowote kwamba upande wa mdai uwasilishe maelezo ya mashahidi ndani ya siku 14, na kwamba muda huo ukipita shauri litatupwa pasipo amri nyingine. Niliyaandika maneno hayo katika kijitabu ninachoandikia vipimo vya mbao: "siku 14, shauri litatupwa". Wakili kijana naye aliandika, ila hakuandika kwenye faili. Faili lilikuwa limebaki ofisini. Aliandika kwenye kikaratasi cha njano chenye gundi, akakibandika nyuma ya simu yake, na tulipotoka nje akaniambia, "Mzee, tuna wiki 2, mambo yako vizuri."

Hapa inafaa nieleze namna siku zinavyohesabiwa, maana ndipo mlango ulipopinda. Katika mahakama nyingi utaratibu ni mmoja: siku ya tukio lenyewe haihesabiwi, hesabu inaanza kesho yake, Jumamosi na Jumapili zimo ndani isipokuwa amri itaje siku za kazi, na siku ya mwisho ikiangukia siku ambayo mahakama imefungwa, mhusika anapata siku inayofuata ya kazi. Hivyo ndivyo zinavyosema, kwa mfano, kanuni za mwenendo wa madai za mahakama za shirikisho za Marekani. Amri iliyotolewa Jumanne tarehe 4, basi, siku yake ya kwanza ni Jumatano tarehe 5, na siku ya 14 ni Jumanne tarehe 18. Hakuna ugumu ndani yake. Mtoto anayejua kusoma kalenda anaweza kuifanya hesabu hiyo.

Ofisi yangu haikuihesabu hivyo. Kile kikaratasi cha njano kilibanduka, au kilisahauliwa, sijui, na karani wa ofisi alianza kuhesabu kutoka siku nakala ya amri iliyochapwa ilipomfikia mezani, ambayo ilikuwa Alhamisi tarehe 6. Kutoka Alhamisi hiyo siku ya 14 inakuwa tarehe 20. Namba 20 ndiyo iliyoandikwa kwa wino mwekundu kwenye jalada la faili na kuzungushiwa duara, na baada ya hapo kila aliyelishika faili aliiamini, kwa sababu duara jekundu hushawishi kuliko kumbukumbu ya mtu. Katika karakana yangu, fundi akikosea fremu kwa nusu inchi, mteja hahitaji kuelezwa chochote: anausukuma mlango, unagoma. Kosa la wakili halionekani siku linapofanyika. Faili linaendelea kukaa kabatini likiwa nadhifu kama jana.

Siwezi kujitoa kabisa katika lawama. Jumatatu tarehe 17, siku ya 13, nilifungua kijitabu changu kutafuta vipimo vya kabati la mtu, macho yakaangukia yale maneno. Nikapiga simu. Binti wa mapokezi akanijibu kwa upole, "Mzee wangu, faili liko mezani kwa wakili, usiwe na wasiwasi." Nikashukuru, nikakata simu, nikarudi kwenye mbao zangu. Nilipaswa kuuliza swali moja zaidi, yaani tarehe gani imeandikwa kwenye faili hilo, na jibu lake lingekuwa 20, na mimi kwa kijitabu changu kilichojaa vumbi la mbao ningejua kwamba si sawa. Sikuuliza kwa sababu nilidhani kumuuliza wakili kuhusu hesabu ya siku ni sawa na kumuuliza daktari kama anajua kupima joto. Mahakama hazina mtazamo huo. Zimesema mara nyingi kwamba mwenye kesi ana wajibu wa kuifuatilia kesi yake, na kwamba kuwa na wakili si ruhusa ya kwenda kulala.

Alhamisi tarehe 20 nikapata ujumbe: "Tumewasilisha. Hongera." Maelezo ya mashahidi yalikuwa yamepakiwa kwenye mfumo wa mahakama kwa njia ya mtandao, ada imelipwa, stakabadhi imetoka. Nilifurahi. Wengi hudhani, kama nilivyodhani, kwamba mfumo ukishapokea basi mahakama imekubali. Mfumo wa kompyuta hauna habari ya amri iliyotamkwa ukumbini. Utaipokea hati ya jana, ya leo na ya mwaka kesho, na kila moja utaipigia muhuri wa saa na dakika, muhuri ambao upande wa pili utakuja kuutumia kama ushahidi kwamba umechelewa. Hata suala la lini hasa hati inahesabika kuwa imewasilishwa lina mitego yake. Nchini Tanzania, kanuni za mwaka 2018 za kuwasilisha hati kwa njia ya kielektroniki zinaitambua hati iliyotumwa kabla ya saa 6 usiku wa siku husika, lakini kuna uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 1992 uliosema kwamba tarehe ya kuwasilisha ni ile ya kulipa ada, si ile ya karatasi kufika masjala, na mawakili wamebishana juu ya jambo hilo tangu mifumo hii ianze. Wakili makini hafiki kwenye mabishano hayo, kwa sababu hangoji siku ya mwisho. Wangu hakufika huko pia, lakini kwa njia nyingine: siku ya mwisho ilikuwa imekwisha kupita.

Wakili wa mdaiwa alileta pingamizi la aya 3 tu. Jaji alisoma uamuzi wake kwa muda usiozidi dakika 10, na katika dakika hizo ndipo nilipojifunza jambo ambalo ofisi yangu haikuwahi kuniambia: kwamba ile amri ya tarehe 4 haikuwa ya kwanza. Miezi 2 kabla, muda wa awali wa kuwasilisha maelezo hayohayo ulikuwa umepita pia, ofisi ikaomba kuongezewa, ikaongezewa, na ndiyo sababu mara hii jaji akaweka sharti la kulitupa shauri. Mimi nilipomsikia akilitamka nilidhani ndivyo majaji wanavyosema siku zote. Mteja aliyejua kwamba hii ni nafasi ya pili angefika ofisini kila asubuhi na kukaa kwenye kiti cha mapokezi mpaka karatasi zitoke. Kosa la kuhesabu ninaweza kulisamehe, kwa sababu na mimi nimewahi kukata mbao nzuri ikawa fupi. Kunificha kwamba tulikwisha kuchelewa mara moja, hilo sijaweza.

Shauri "lilitupiliwa mbali kwa gharama". Kwa asiyejua, maneno ya mahakama hapa yana uzito wake. Shauri likifutwa au kuondolewa kwa kasoro ya kisheria, mara nyingi mwenyewe anaweza kulisahihisha na kulifungua upya, mradi ukomo haujamfikia. Likitupiliwa mbali, njia inabaki kuomba mahakama iirejeshe kesi au kukata rufaa. Na kwangu hata kama jaji angechagua neno jepesi isingesaidia: tulifungua tukiwa na miezi 4 mkononi, tukakaa mahakamani mwaka mmoja na nusu, miaka 6 ikawa imekwisha. Zaidi ya hayo niliamriwa kumlipa mdaiwa gharama zake, yaani nimlipe mtu mwenye milango yangu 64.

Sasa nifike kwenye sehemu ya huduma ambayo kwa maoni yangu inaeleza ofisi kuliko kosa lenyewe, nayo ni yale waliyoyafanya baada ya kosa. Siku 3 baada ya uamuzi, karani alinifuata karakana akiwa na hati ya kiapo iliyokwisha kuchapwa, imebaki sahihi yangu tu. Niliisoma nikiwa nimesimama kando ya randa. Aya ya 5 ilisema kwamba kati ya tarehe 12 na 19 mimi nilikuwa mgonjwa kitandani, na kwa sababu hiyo mawakili wangu hawakuweza kunipata nisaini maelezo yangu. Nilimwonyesha karani kwamba maelezo nilisaini wiki 3 kabla. Akasema, "Ni utaratibu tu, mzee, watu wote wanasaini." Nikamrudishia karatasi yake. Kiapo ni kiapo, na pamoja na hilo, mtu anayedanganya mahakamani kuhusu homa huitwa siku ya pili aonyeshe cheti cha hospitali.

Ofisi ikaamua kuleta kiapo chake yenyewe, ikisema kompyuta ya karani iliharibika. Nitakaa kidogo kwenye maombi hayo, kwa sababu nimeyasoma mara nyingi kuliko walioyaandika. Mahakama haziko radhi kuongeza muda kwa huruma tupu. Zina vipimo vyake, na vipimo hivyo si siri. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika maombi ya mwaka 2010 ambayo mawakili wa huko huyataja karibu kila siku, iliweka mambo manne: mwombaji aeleze kipindi chote cha ucheleweshaji, ucheleweshaji usiwe umepita kiasi, aonyeshe bidii na si uzembe wala kutojali, na kama zipo sababu nyingine nzito, kwa mfano uharamu katika uamuzi unaolalamikiwa, zitajwe. Mahakama hiyohiyo imesema pia kwamba ucheleweshaji hata wa siku 1 lazima utolewe maelezo. Uingereza, tangu uamuzi wa mwaka 2014 wa Mahakama ya Rufaa, jaji anapita hatua tatu: kosa lina uzito gani, lilitokea kwa nini, na mazingira yote yanasemaje. Marekani, Mahakama ya Juu ilieleza mwaka 1993 kwamba hata uzembe unaweza kusameheka, na kwamba kinachopimwa ni madhara kwa upande wa pili, urefu wa ucheleweshaji na athari yake kwa shauri, sababu yake na kama ilikuwa ndani ya uwezo wa mhusika, pamoja na nia njema.

Ukiviweka vipimo hivyo mezani, ucheleweshaji wetu wa siku 2 haukuwa mrefu, mdaiwa hakupata madhara yoyote ya kuonyesha, na palikuwa na kisa cha kweli cha kusimulia: kijana alisikia, kikaratasi kikapotea, karani akahesabu kutoka siku ya nakala. Ukweli huo ungesimuliwa wazi, tarehe kwa tarehe, labda ungesikilizwa na labda usingesikilizwa, kwa kuwa zipo hukumu nyingi zinazosema uzembe wa wakili si sababu ya kutosha. Lakini kiapo chao kilikuwa na aya 9, na hakuna hata moja iliyosema tarehe 18 walifanya nini, tarehe 19 walifanya nini. Kompyuta iliharibika lini, ikatengenezwa na nani, lini, hakuna. Jaji aliuliza kwa nini kompyuta iliyoharibika iliweza kuchapa barua ya tarehe 18 iliyokuwa kwenye kumbukumbu za shauri jingine la ofisi hiyohiyo. Wakili mwandamizi alinyamaza. Maombi yakakataliwa.

Huenda msomaji akasema mahakama ilikuwa katili, na hukumu za kumuunga mkono hazikosekani. Katiba ya Tanzania, ibara ya 107A, inazitaka mahakama zitende haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 159, inasema jambo la aina hiyohiyo. Nilimwuliza wakili wangu kwa nini hakuzitaja hoja za namna hii. Akanijibu, na hapa alisema kweli, kwamba mahakama za nchi hizo zimejibu mara nyingi kuwa ibara hizo hazikuwekwa ili kufuta kanuni za muda. Upande wa ukali una mifano ya kutisha zaidi. Mwaka 1962 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali shauri la madai litupwe baada ya wakili wa mdai kutofika kwenye kikao cha maandalizi, ikisema mteja aliyemchagua wakili kwa hiari yake hawezi kukwepa matokeo ya matendo ya wakili huyo. Mwaka 2007, mahakama hiyohiyo ilimkataa mtu aliyepewa na jaji siku 17 za kukata rufaa wakati sheria inaruhusu 14. Aliwasilisha siku ya 16, akiwa ndani ya muda alioambiwa, akaambiwa jaji hakuwa na uwezo wa kuongeza siku zile 3. Kura zilikuwa 5 kwa 4. Nilipoisoma hiyo niliacha kumlaumu jaji wangu.

Wiki moja baada ya maombi kukataliwa, ilikuja ankara. Walikuwa wananidai ada ya kuandaa maombi ya kurejesha shauri walilolipoteza wao. Niliirudisha na barua ya mstari 1, na hawajaidai tena. Nadhani mhasibu aliituma kwa mazoea, bila mtu kumwambia kilichotokea, jambo ambalo nalo linaeleza namna habari zinavyosafiri katika ofisi ile.

Wenzangu wamenishauri niwashtaki. Nimeliulizia, na si jambo jepesi. Mteja anayemdai wakili wake fidia kwa kukosa muda hatoshelezi kwa kuonyesha kwamba muda ulikosekana. Kwa kawaida lazima aonyeshe pia kwamba kesi ile ya kwanza ilikuwa na nafasi ya kushinda, na hivyo anaendesha kesi 2 ndani ya 1: ya wakili, na ndani yake ile ya milango. Kisha kuna ukomo wake nao. Uingereza kuna mtu aliyewashtaki mawakili wake wa zamani bila wakili mpya, akaipeleka hati ya madai kwa baruapepe siku 1 kabla ya muda kwisha, kwa mawakili ambao hawakuwa wamekubali kupokea hati kwa njia hiyo; mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya huko, majaji 3 dhidi ya 2, ilisema hati haikufika kisheria, na kesi yake ikafia hapo. Kumdai wakili aliyekosa tarehe, ukakosa tarehe. Nimeamua kuanza na malalamiko ya nidhamu, na uamuzi wa kesi ya fidia nitaufanya baadaye, ndani ya muda.

Kwa ajili ya malalamiko hayo nilihitaji wakili wa kuniandalia, na nilipofika ofisi ya pili sikuuliza wameshinda kesi ngapi. Niliomba kuona wanapoandika tarehe. Mama mmoja mtu mzima, karani mkuu wao, alinitazama kwa mshangao kidogo, kisha akageuza daftari kubwa upande wangu. Kila ukurasa ulikuwa na siku 1. Kila shauri liliandikwa mara 2, kwenye siku ya mwisho na tena kwenye siku 7 kabla yake, na mbele ya kila mstari palikuwa na sahihi ya wakili aliyerudi kutoka mahakamani, pamoja na saa aliyorudi. Akanieleza kwamba wakili haruhusiwi kwenda kula kabla ya kusaini daftari lile. Niliuliza kama kuna nakala kwenye kompyuta, akasema ipo, ila yeye anaamini daftari, kwa kuwa daftari halizimiki. Nikalipa malipo ya awali palepale.

Ofisi ya kwanza basi inapata nyota 2: moja kwa hati ya madai, ambayo naendelea kuamini kwamba ilikuwa kazi bora, na moja kwa mapokezi na uwazi wa ada. Kwa ufuatiliaji wa mashauri sina cha kuwapa, na kwa ile aya ya 5 ya kiapo ningekata nyota kama ingewezekana kukata. Mwenye kuhitaji mkataba uandikwe vizuri au barua ya madai yenye meno anaweza kwenda pale bila hofu. Mwenye shauri linaloendelea mahakamani aombe kwanza kuona jalada la faili lake, na aangalie tarehe iliyozungushiwa duara imetoka wapi.

Faili langu walinirudishia likiwa kamili, pamoja na jalada lake na ile 20 nyekundu. Chombo cha nidhamu kimewapa siku 21 za kujibu malalamiko, na leo ni siku ya 19. Nimeihesabu mwenyewe, kuanzia kesho yake ya siku waliyosaini kupokea barua, na nakala ya sahihi hiyo ninayo.